Rangi ya gari imepauka na kujaa mikwaruzo ya utandu: tuirudishe wenyewe nyumbani bila kuimaliza

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha mda mrefu ila leo nauandika manake kila mara lazima nikutane na mtu ananiuliza nipake nini gari ling'ae, na jibu langu huwa lile lile, nionyeshe kwanza unavyoliosha. Watu wanahisi nawakwepa. Siwakwepi wakuu, mikwaruzo mingi ninayoiona kwenye magari ya watu haikuletwa na barabara wala matawi, imeletwa na kitambaa na mkono wa mwenye gari mwenyewe.

Fanya hivi. Jua likiwa limewaka toka nje, simama pembeni ya boneti, tazama pale mwanga unapogonga rangi. Utaona nyuzinyuzi zimezunguka ule mng'ao kama utandu wa buibui, ukisogea hatua moja na wenyewe unasogea na wewe. Ule sio uchafu, hata uoshe mara kumi hautoki. Kila unyuzi pale ni njia ya punje moja ya mchanga iliyokokotwa juu ya rangi siku uliyofuta vumbi kavu kwa tambara ukasema acha nipanguse haraka niwahi.

Sasa ili tuelewane kwenye huu uzi mzima, elewa kwanza unashika nini. Rangi ya kiwandani kwa magari mengi ya siku hizi ni tabaka nne. Chini kabisa kuna ile ya kuzuia kutu ambayo bodi zima linatumbukizwa kwenye dimbwi na umeme unaivuta ishike chuma, juu yake praima (rangi ya msingi ya kushikisha), halafu rangi yenyewe, alafu klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Zote nne zikijumlishwa mara nyingi ni maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani kwako una maikroni kama 70. Yani kile kinachong'aa na kinachozuia jua lisile rangi ni chembamba kuliko unywele, na kila ukipiga polishi unakipunguza. Hakiongezeki tena mpaka upulize upya.

Hilo nililijua kwa uchungu. Zamani niliazima mashine ya polishi, zile nzito zinazozunguka duara moja kwa moja bila kutikisika, nikaanza na boneti langu jeusi. Katikati kulitoka vizuri mno, nikapata mzuka, nikapita kwenye ukingo pale bati linapokunja. Ilikuwa sekunde chache. Kwanza nikasikia harufu kama plastiki inaungua, nikanyanyua mashine, nikaona mstari wa kijivu urefu wa kidole. Ni praima ile. Kwenye kona na kingo rangi huwa nyembamba na pedi inabana yote sehemu moja, joto linapanda kabla hujashtuka. Boneti zima lilirudi kupakwa upya kwa sababu ya mstari wa kidole. Ndo maana naandika kwa kusisitiza hivi.

Kwenye kuosha: gari liwe kivulini na bati liwe baridi, weka kiganja, kama kinakwepa subiri. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa kitu, acha mchanga udondoke wenyewe. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari moja ya maji matupu. Glavu ya maikrofaiba inachovya kwenye shampuu, inapita kipande kimoja, inaenda kusuuzwa kwenye maji matupu ndo irudi kwenye shampuu. Ukimaliza kuosha chungulia chini ya ile ndoo ya kusuuzia, huo mchanga uliotuama pale ungekuwa unazunguka kwenye rangi yako. Anza paa, vioo, boneti, milango juu, chini mwisho kabisa kwasababu chini ndo kumebeba tope. Matairi na rimu vitafutie kitambaa chake na ndoo yake, vumbi la breki ni chuma kile. Na mkono uende mstari mnyoofu, usizungushe.

Kukausha ni taulo kubwa la maikrofaiba, unalilaza unalivuta taratibu au unalibonyeza tu. Likidondoka chini hata mara moja halirudi kwenye rangi mpaka lifuliwe.

Nitaendelea na klei (ule udongo laini wa kunasa uchafu uliojichimbia kwenye rangi) na polishi, ila kama kuna swali leteni.

#2

Mkuu asante kwa kutufungua macho. Mimi naoshea sabuni ya vyombo miaka yote na gari linatakata kabisa, shida iko wapi hapo? Na sabuni ya unga je?

#3 – Mleta uzi

Kutakata linatakata mkuu sikatai, sabuni ya vyombo imetengenezwa iondoe mafuta na inaondoa kweli, ila inaondoa pamoja na nta yako yote. Siku moja ukitumia rangi haifi. Mimi mwenyewe nikitaka kutoa nta ya zamani kabla ya polishi huwa naitumia makusudi. Tatizo ni kuifanya ya kila wiki halafu hurudishii kinga, klia inabaki wazi kwa jua na mavi ya ndege. Sabuni ya unga ndo iache kabisa, ni kali mno na chembe ambazo hazijayeyuka zinakwangua.

#4

Umegusia mavi ya ndege hapo naomba mfafanue, maana gari langu linalala chini ya mti na kuna madoa mawili kwenye paa yamebaki kama alama ya maji yaliyokauka, nimeosha nimesugua hayatoki kabisa. Ukipitisha kidole unahisi kuna kijibonde.

#5

Hapo naomba nimjibu mimi, nimefanya kazi ya bodi mda mrefu kidogo.

Kaka hicho kijibonde ni klia imeliwa. Mavi ya ndege yana asidi, na jua likiwa kali klia inalainika na kutanuka kidogo, usiku ikipoa inajibana, sasa inajibana ikiwa imekumbatia lile doa gumu lililokauka juu yake ndo unapata umbo la doa hata ukishalitoa. Doa la saa chache ukiliosha halikuachii kitu, doa la siku mbili juani linakuachia kovu. Kama kijibonde ni kifupi polishi itakilaza, kama ni kirefu kipunguze tu kisionekane sana, usikifukuzie mpaka mwisho utatoboa klia yote pembeni kwa ajili ya doa moja.

Na jinsi ya kuyatoa wengi wanakosea, anachukua tambara kavu anakwangua. Ndani ya yale mavi kuna mbegu na mchanga. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika kadhaa, doa likishalainika linyanyue kwa kulifinya kwenda juu, usiliburuze pembeni. Utomvu wa mti weka spiriti kidogo kwenye maikrofaiba ushikilie pale uyeyuke. Lami ina dawa yake ya kuondolea, ukikosa basi mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa alafu uoshe hapo hapo kwa shampuu. Madoa meupe ya maji ya chumvi chumvi jaribu siki na maji nusu kwa nusu, futa, suuza mara moja usiache ikaukie juu.

#6

Jamani dawa ya meno! Mbona hakuna anayeitaja, mimi nilitoa mkwaruzo mlangoni kwa dawa ya meno na mpaka leo hauonekani. Bei rahisi na ipo bafuni kila siku.

#7 – Mleta uzi

Mkuu nakuamini kwamba mkwaruzo ulipotea, dawa ya meno ina chembe za kusugua ndani yake kwahiyo kimsingi ulipiga polishi. Ila chembe zake zimepimwa kwa ajili ya meno, kila kampuni na ukali wake, na hazisagiki zikawa laini jinsi unavyosugua kama zinavyofanya za polishi nyingi za magari. Nenda nje jua likiwaka uangalie hapo mlangoni kwa pembe, nina wasiwasi utakuta ukungu. Mkwaruzo mmoja umeondoka vidogo mia vimekuja. Na uwezekano mwingine ni kwamba haukuwa mkwaruzo, ilikuwa ni rangi ya kitu kingine imehamia kwako, ya geti au ya bampa la mwenzako, hiyo hata spiriti ingeitoa.

Kuna mtu alinionyesha mlango umesuguliwa na stilwaya ya sufuria. Mlango mzima. Wakuu stilwaya, unga wa kusugulia sinki, zile brashi ngumu za kufulia, hivyo vyote visifike karibu na gari.

Pima mkwaruzo kwa ukucha. Pitisha ukucha taratibu kuukata mkwaruzo, kama ukucha unateleza bila kukwama basi uko kwenye klia na polishi itausaidia. Kama ukucha unashika, tik, basi umezama na hakuna polishi ya kuutoa, hapo ni kujaza rangi.

Haya, klei. Ukishaosha na kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi kama glavu, upapase boneti kwa ncha za vidole. Fanya tu hata kama huna mpango wa kununua klei. Gari ambalo unaliona safi kabisa utahisi kama umepapasa msasa laini, tak tak tak chini ya vidole. Zile ni chembe za chuma za breki, matone ya rangi yaliyopeperuka, uchafu wa moshi, vimejichimbia kwenye klia na maji hayavitoi. Ukipiga polishi juu ya hivyo unavisaga unavitembeza.

Kuna dawa ya kunyunyizia ya kula chuma, ukiipuliza kwenye gari jeupe utaona machozi ya zambarau yanatiririka, hapo inakuwa imekutana na chembe za chuma. Inanuka vibaya, fanyia sehemu ya wazi, isikaukie juu ya rangi, suuza sana. Kisha klei: kata kipande kidogo, kikande kiwe kama chapati ndogo ya kiganja, lowesha rangi kwa maji ya shampuu mpaka iteleze kabisa, pitisha klei kwenda na kurudi bila kukandamiza. Mwanzo inakwaruza unaisikia, baada ya mapito kadhaa inakuwa kimya na inateleza yenyewe, hapo hamia kipande kingine. Igeuze uikande upate uso msafi kila inapochafuka. Ikidondoka chini itupe, usiionee huruma hata kama ni mpya, mchanga ukiingia kwenye klei umeshapata msasa.

Klei nayo huwa inaacha alama ndogo ndogo ndo maana nasema ni kazi ya mara chache na ni kabla ya polishi.

#8

Habari zenu kaka zangu. Mimi gari langu juu ya paa na kwenye boneti rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, kuna mabaka meupe kingo zake zimenyanyuka. Nimeambiwa nipige kompaundi (ile polishi kali ya kukwangua) itakaa sawa, nifanye au nisubiri?

#9

Dada usipige. Hiyo ni klia imekufa na kuachia, jua limeila mpaka haishiki tena. Kompaundi hairudishi klia iliyobanduka, itaongeza kuibandua na rangi ya chini itaanza kupauka haraka kwasababu haina kinga. Hapo dawa ni kupiga msasa panel nzima na kupulizia upya rangi na klia. Hela ya kompaundi iweke kwenye hiyo kazi.

Ila usichanganye na magari ya zamani yenye rangi moja isiyokuwa na klia juu. Hayo yanapauka yanakuwa kama yamepakwa chokaa, nyekundu inageuka pinki, na hayo ndo yanafurahisha kuliko yote kuyarudisha. Kutofautisha ni rahisi, sugua polishi kidogo sehemu iliyojificha uangalie kitambaa. Kikitoka na rangi ya gari basi haina klia, ni rangi iliyokufa juu inatoka na chini kuna nzima. Kitambaa kikibaki na polishi tupu basi una klia.

#10

Na wasio na mashine tufanyeje? Mkono unatosha?

#11 – Mleta uzi

Mkono unatosha kwa doa, kwa mkwaruzo mmoja mmoja, kwa sehemu za vitasa ambapo kucha zimechora. Kwa gari zima utachoka na matokeo yatakuwa mabaka, huku ulisugua kwa nguvu huku ukalegea. Kama ni mkono tumia sponji laini ya kupakia, kipande cha nusu mita kwa nusu mita usizidishe, na uwe na subira.

Kwa mashine anayeanza achukue ile inayozunguka huku inatikisika, ukiibonyeza sana au ikikaa vibaya inaacha kuzunguka, kwahiyo si rahisi ikuunguzie rangi kama ile yangu ya kwanza. Haimaanishi haiwezi, kingo bado ni kingo. Bandika masking tepu kwenye kingo zote, mipaka ya taa, na plastiki nyeusi, polishi ikikaukia kwenye plastiki inaacha weupe unaokera.

Kabla ya kuanza gari zima fanya kipande kimoja cha majaribio. Anza na polishi laini kabisa na pedi laini kabisa ulizonazo. Matone matatu au manne ya ukubwa wa njegere kwenye pedi, ipakaze kwanza mashine ikiwa imezimwa isikurukie usoni, halafu washa mwendo mdogo usambaze, ongeza mwendo, pita polepole mistari inayopandiana nusu kwa nusu, kwenda kulia kushoto kisha juu chini, mapito manne hadi sita. Futa. Kisha nyunyiza spiriti iliyopunguzwa na maji ufute tena, hii hatua watu wanairuka na ndo inakuambia ukweli, kwasababu polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo ukadhani imekwisha, baada ya kuosha mara mbili yote inarudi. Tazama kwa tochi. Ikitosha, endelea hivyo hivyo gari zima. Isipotosha badilisha pedi kwanza iwe ngumu kidogo, bado ikigoma ndo ubadilishe polishi iwe kali.

Shika bati kwa kiganja kila baada ya kipande, vuguvugu sawa, likikuchoma acha lipoe. Pedi ikijaa unga isafishe au weka nyingine. Na sio lazima umalize mikwaruzo yote wakuu. Kubakiza robo ya mikwaruzo na klia nzima ni biashara nzuri kuliko kioo kamili leo na gari linalobanduka baadae.

#12

Hapo mwisho napigia mstari. Na wanaonunua gari lililotumika, kama mnaweza kupata kipimo cha unene wa rangi kipitisheni kwanza. Panel ikisoma 300 kwenda juu wakati zingine zinasoma 120, ile imeshapakwa tena, labda na puti (ile ya kujazia mabonde) chini yake. Ikisoma chini sana kuliko wenzake basi kuna mtu kashaipiga polishi kabla yako, usiiguse kwa kitu kikali.

Mkuu wa uzi tuambie na kinga, nta au zile seramiki, dawa za kupaka zinazokauka ngumu juu ya rangi?

#13 – Mleta uzi

Hapa sitaandika sana kwasababu vyote vinafanya kazi kama chini pamesafishwa, na vyote havifai kama chini pachafu. Nta nzuri ya asili inaitwa karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, inapendeza sana kwenye rangi nyeusi na nyekundu ila kwenye jua kali hesabu wiki kadhaa, ikienda miezi miwili mitatu shukuru. Za maabara zinakaa miezi zaidi. Seramiki inakaa miaka ila inafunga kila kitu ilichokikuta, ukiipaka juu ya utandu utaishi na utandu wako humo ndani. Na haizuii jiwe la barabarani asikudanganye mtu.

Paka nyembamba. Nta nene haikai zaidi, inakupa tu kazi ya kuifuta. Ukiona maji yanajikusanya matone ya duara na kukimbia kinga bado ipo, ukiona yanatandaa yanalala kama shuka paka tena.

Lingine, gari lililotoka kupulizwa rangi juzi usilipake nta. Rangi mpya inatoa hewa ya thina bado, mafundi wengi wanataka siku 30 hadi 90 kutegemea aina ya rangi na ilivyokaushwa. Muulize aliyepuliza.

#14

Swali la haraka, vidoa vya mawe kwenye boneti vimefika kwenye bati na kimoja kimeanza kutu.

#15

Hicho cha kutu anza nacho leo usingoje wikiendi. Kwangua kutu yote mpaka uone chuma kinang'aa, futa kwa spiriti, weka praima tone dogo kwa kijiti cha meno, acha ikauke, kisha rangi tabaka nyembamba nyembamba unasubiri kila moja ikauke, mwisho klia. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kwenye injini, nenda nayo dukani usikadirie kwa macho. Tone likizidi likanyanyuka kidogo acha, linasawazishwa baadae kwa msasa wa maji namba 2000 kwenda 3000 na polishi, ila kama hujawahi kushika msasa kwenye rangi acha tu lilivyo, linaonekana kidogo na halili kutu.

#16 – yule wa #6

Wakuu narudi na mrejesho. Leo nimetoka na gari juani nikaangalia ule mlango kwa pembe kama mlivyosema, na kweli pale nilipopiga dawa ya meno pana ukungu wa duara kama sahani, sikuwahi kuuona kwasababu huwa naegesha kivulini. Nimepata polishi laini na sponji, nimefanya nusu ya ule ukungu kwa mkono, nimefuta na spiriti, nusu imerudi kuwa kioo nusu bado. Mstari wa katikati unaonekana wazi kabisa, mke wangu kauliza nani kachora mlango. Mkono umechoka, kesho asubuhi kabla bati halijapata joto namalizia iliyobaki.

#17 – Mleta uzi

Safi sana mkuu. Bandika tepu pale kwenye ukingo wa mlango kabla hujaanza, na ukimaliza paka nta mlango mzima usipake hapo tu, la sivyo mvua ikinyesha utaiona ile sahani tena kwa jinsi maji yanavyotembea.